Besi Ina Mwenyewe

Kompyuta yangu ya kwanza ya kupigia muziki ilikuwa na kibodi ya Kifaransa, kama karibu kompyuta zote za Lubumbashi, lakini programu ya muziki iliyokuwa ndani yake ilitengenezwa na watu wa kibodi ya Kiingereza. Herufi hazikai mahali pamoja. Kwao, ukipitisha vidole kwenye mstari wa chini kuanzia kushoto, unapata do, re, mi, fa, sol, la, si, zimepangana kama watoto wa shule asubuhi. Kwangu mimi do ilikuwa imehamia mstari wa juu, re mpaka la zilibaki chini, na si ilikwenda kukaa peke yake kulia kabisa. Nikajifunza hivyohivyo. Baadaye mtu aliniambia kuna mahali pa kurekebisha, nikamwambia asante, na sikurekebisha kitu. Vidole vilikuwa vimeshazoea, na mazoea yana taabu.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi kwaya. Usifikiri studio. Kilikuwa chumba chetu cha kulala katika komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, godoro limeegemezwa dirishani mchana kuzuia kelele za pikipiki na za jirani yetu aliyekuwa akichomelea milango ya chuma. Waimbaji walisimama sebuleni, mimi nikakaa chumbani na kompyuta, katikati yetu pazia. Nina hasira za karibu, sikatai, na kitu kilichonichoma kuliko vyote ni mtu asiyefuata mwendo. Soprano akichelewa nusu pumzi, nilisubiri aende zake, kisha nikaishika sauti yake kwenye kioo cha kompyuta na kuivuta mpaka ikae juu ya mstari. Kompyuta inaweza hayo. Wanakwaya walinitania kwamba siku nikirekodi mvua, nitainyoosha nayo. Nilicheka nao na nikaendelea kunyoosha.

Kisha ukaja mwaka ule Goma ilipochukuliwa na waasi. Mke wangu ni wa kule, Mnande, mtoto wa wafanyabiashara. Baba yake aliuza maharage na viazi kwa jumla, na ndugu zake wana malori yanayofika mpaka huku kwetu. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, mtoto wa mgodi, na nilidhani ninajua maana ya kuanguka. Nilikulia katika miaka ambayo mshahara wa mgodi ulikuwa umekwisha lakini baba yangu aliendelea kuvaa kofia ya kazi kila asubuhi na kuondoka, kwa sababu hakujua mwanamume afanye nini kingine asubuhi. Lakini kuanguka kule kulikuwa kwa polepole, tulipata muda wa kuzoea. Kule kwa wakwe zangu mji uliondoka mikononi mwa watu simu ikiwa bado sikioni. Mke wangu alikuwa akizungumza na baba yake, wakibishana kama kawaida yao, yeye akimwambia atoke, mzee akijibu kwamba nyumba haikimbiwi, na katikati ya neno mtandao ukakatika.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka. Alivuka ziwa mpaka Bukavu, akateremka Uvira, akapanda boti mpaka Kalemie, kisha lori la mtoto wa ndugu yake likamleta kwetu na mfuko mmoja na kitenge alichojifunga. Mzee alibaki kulinda depo, ghala lake la maharage. Simu yake haikupatikana tena. Kila ujumbe tuliomtumia ulibaki na alama moja tu pembeni, ile inayosema umetoka kwako lakini haujafika kwake. Tulitaka kujua kitu kimoja: yuko hai au hayuko. Hatukuulizana kwa sauti, lakini hakuna lingine lililokuwa ndani ya nyumba ile.

Sasa, mambo ya ukwe. Kwetu mwanamume haketi karibu na mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mwanamume ndiye anayepisha. Kwa wenye nyumba kubwa za Karavia hiyo ni heshima nyepesi. Katika nyumba yetu ya vyumba viwili na sebule ilikuwa mazoezi ya viungo. Nilikula bukari yangu, ugali wa kwetu, chumbani, sahani magotini. Nilikohoa kabla ya kutoka ili ajue ninapita. Nikiwa na neno la kumwambia, nilimwambia mke wangu, naye alimwambia mama yake aliyekuwa ameketi palepale anasikia yote. Kwao Wanande heshima ipo pia, ila si ya kujificha hivyo, na mke wangu alichoka nasi haraka.

Mama hakuzungumza sana. Alichambua maharage. Alikuwa na macho ya kuchambua, jiwe halikumpita, lakini akimaliza sinia alilimwaga tena kwenye beseni na kuanza upya. Mke wangu alilia jikoni akiona hivyo. Ndipo siku moja aliponiambia kwamba mama yake alipiga kinanda kanisani tangu akiwa msichana, kile kinanda cha upepo ambacho mpigaji hukikanyaga kwa miguu, walichoachiwa na wamisionari wa zamani, na kwamba hakuwahi kumwona akipitisha Jumapili mbili bila kukigusa.

Nilifikiri kidogo. Katika programu yangu kulikuwa na sauti ya kinanda cha namna ile, sikuwa nimeitumia hata mara moja kwa sababu vijana wa kwaya walisema ni ya wazee. Nikaipeleka kompyuta sebuleni, nikaiweka mezani mbele ya mama mkwe nikitazama ukuta, kisha nikarudi nyuma ya pazia langu.

"Ambia mama afinye ile Z ya mustari wa yulu," nilimwambia mke wangu. "Njo do."

"Mama, anasema ufinye Z."

"Nimesikia," mama akasema. "Siko kiziwi."

Akabonyeza. Sauti ikatoka, ile sauti ya upepo ndani ya mbao, nyembamba kwa sababu ya spika mbovu. Akabonyeza tena.

"Na re?"

"Ambia mama re iko chini, kwa X."

"Nani alitenganisha do na re?" mama aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilisikia kitu kama kicheko katika koo lake. Nilitaka kueleza habari ya Wafaransa na Waingereza, nikaona ni hadithi ndefu kwa mtu anayepita kwa mdomo wa mtu mwingine.

Aliijua ile kibodi upesi kuliko nilivyoijua mimi. Asubuhi, mke wangu akienda sokoni, nilikuwa nikisikia kupitia pazia ngazi za noti zikipanda na kushuka, kwa kukosea, kwa kurudia, kwa kunung'unika Kinande. Alilalamika jambo moja: kwamba kitu hiki hakina mkono. Upige kwa nguvu, upige kwa upole, sauti ni ileile. Mke wangu aliporudi, nilimjibu kupitia kwake kwamba ni kweli, kibodi ya kuandikia inajua tu umebonyeza au hukubonyeza. Akasema haya, kumbe ni kama karani. Na nilipochungulia mara moja, Mungu anisamehe, niliona miguu yake chini ya meza. Ilikuwa inakanyaga. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, inasukuma upepo ambao kompyuta haikuuhitaji.

Siku alipojaribu wimbo mzima tulikuwa wote nyumbani. Ulikuwa wimbo wa jioni wa kanisani kwao, wa sauti nne. Vidole vyake vilitawanyika juu ya herufi kama vya mtu anayekanda unga, akashusha zote nne pamoja, na zikatoka tatu. Alitazama mkono wake. Akashusha tena. Soprano ipo, alto ipo, tenori ipo. Besi hakuna. Mimi nilijua sababu mara moja: kibodi za bei nafuu zina ukomo, ukibonyeza vitufe vingi kwa pamoja, vingine vinanyamazishwa. Ni waya tu. Nilikuwa nimefungua mdomo kumweleza mke wangu amweleze.

"Besi hakuna," mama akasema.

Aliinua mikono yake kutoka mezani, akaifunga ndani ya kitenge, akalia. Hakupiga kelele. Mke wangu alimshika mabega, na mimi nilisimama nyuma ya pazia nikiwa nimelishika kwa ngumi, mtu mzima, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kwani besi ya kwaya yao, tangu kabla mke wangu hajazaliwa, ni baba mkwe.

Kesho yake nilikwenda kuazima. Rafiki yangu mmoja mwenye duka la vifaa mjini alikuwa na kontrola ya MIDI, kinanda chembamba cha plastiki chenye vitufe halisi vyeupe na vyeusi, oktavu nne. Kitu hiki ukikipiga peke yake hakitoi sauti yoyote zaidi ya tak-tak ya plastiki. Kinatuma habari tu: noti gani, kwa nguvu gani, kwa muda gani. Kinachoimba ni kompyuta. Na hakinyamazishi mtu, hata ukishusha vidole kumi. Nilinunua waya mrefu, nikaupitisha chini ya pazia, kontrola ikakaa sebuleni mbele ya mama, kompyuta ikarudi chumbani kwangu. Mke wangu alipoona alisimama akatutazama kwa zamu.

"Sasa muko nasemezana na waya," alisema. "Ni muzuri. Mutanipumuzisha."

Ilikuwa kweli. Mama alipiga upande wake na mimi nikamsikia upande wangu, na katika kile kioo niliona kila kidole chake kimeandikwa, kilivyoshuka kwa upole au kwa uchungu. Kontrola ina mkono, tofauti na kibodi. Niliona kwamba kidole chake cha pete cha kulia kina nguvu kuliko vingine. Niliona anapochoka. Sijawahi kumtazama usoni mama yule, lakini kufikia mwisho wa juma lile nilimfahamu kuliko watu wengi niliokaa nao meza moja. Nilimpenda, basi. Sioni neno lingine.

Nilidhani sasa atapiga sauti nne. Alipiga tatu. Nilisubiri aongeze, nikadhani amesahau, nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba kitu hiki hakikatai besi, na kama mkono wa kushoto unachoka, kompyuta yenyewe inaweza kuijaza, ni kubonyeza mahali pamoja tu.

Mke wangu hakufikisha ujumbe. Aliingia chumbani, akashusha pazia nyuma yake.

"Ku kwaya ya kwetu, mutu akikosekana, nafasi yake inabakia vile," alisema polepole. "Hakuna mwenye anaimba sauti yake. Wanajazaka tu ya mwenye alisha kufa. Siku ya kuzika, njo wanapatiaka mutu mwingine."

Kutoka sebuleni mama alisema, bila kupitia kwa mtu:

"Besi iko na mwenyewe."

Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, akapiga sauti zake tatu mwanzo mpaka mwisho, beti zote, na chini yake pakawa wazi. Sijawahi kusikia uwazi wa namna ile. Wimbo ulikuwa umesimama bila sakafu na haukuanguka. Mama akasema upelekwe kwenye simu ya mzee. Mke wangu akauliza aandike nini chini yake. Asiandike kitu, mama akajibu. Mzee akisikia nafasi yake ataijua.

Ulikwenda, ukakaa na alama moja.

Zikapita wiki, na wiki zile umeme wa mtaa wetu ulikuwa unakatwa ovyo, kompyuta ikizima mimi nikitukana, na mtaani watu walianza kusema kuhusu waliotoka Kivu, upande wa Goma, kwamba wamekuwa wengi, kwamba ndio wanaopandisha bei ya nyumba. Nilimgombeza mchomeleaji milango kwa neno moja alilosema, tukakaa bila kusalimiana. Mama alipiga kila siku. Umeme usipokuwepo alipiga hivyohivyo, tak-tak ya plastiki peke yake, na miguu ikikanyaga. Mke wangu alianza kuamka akiwa ameshika simu. Ilifika mahali niliogopa kuitazama ile alama, kwa sababu niliona nikiitazama mno nitaanza kumhesabu mzee pamoja na marehemu, na nilikuwa na hakika mama atalisikia hilo kupitia kwenye waya.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, sombe, kisamvu chetu, iko jikoni, mimi nikibadilisha mashati. Simu ya mke wangu ililia kwa sauti ya ujumbe. Alisoma jina, akakaa chini sakafuni. Si kwenye kiti, sakafuni. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Hakuweza kuibonyeza, akanyoosha mkono, nikaichukua mimi nikiwa na mkono mmoja ndani ya shati.

Kwanza mvua juu ya mabati. Kisha mtu anasafisha koo. Kisha besi.

Aliimba chini sana, kama mtu asiyetaka kusikika upande wa pili wa ukuta, na hapakuwa na neno lolote la salamu kabla wala baada. Beti zote. Besi peke yake ni kitu cha ajabu, inapita mahali ambapo wimbo haupiti. Usiyeujua wimbo huwezi kuutambua. Lakini pale sebuleni sote tuliusikia mzima. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia. Mama alikuwa amesimama katikati ya nyumba, mikono wazi, na alipomaliza kusikia alisema "Iko," kisha akairudia kwa sauti ya chini zaidi, "Iko." Yuko. Ndicho tulichotaka kujua, na sasa tulijua.

Nilikimbilia kompyuta. Nilitaka kumpa mama wimbo wake mzima kabla sombe haijaiva. Nikaingiza sauti ya mzee, nikaiweka chini ya zile tatu, nikabonyeza icheze, na ikawa vurugu. Mzee hakuwa na simu mbili; hakuweza kusikiliza na kurekodi pamoja, alikuwa ameimba kwa kumbukumbu. Mwendo wake ulikuwa wa polepole sana, si sawa popote, na ubeti wa tatu alikohoa, akasimama, akaendelea alipopenda. Basi nikafanya kazi yangu. Nikamshika kwenye kioo, nikaanza kumvuta aufikie mstari.

Pazia likafunguliwa. Mama mkwe aliingia chumbani kwangu. Niliruka kutoka kwenye kiti, shati liko nusu mwilini, nikatazama ukuta, na sikuwa na pa kukimbilia kwa sababu mlango ni mmoja.

"Unamufanya nini?" aliuliza.

Mke wangu hakuwepo katikati yetu. Nikajibu mwenyewe.

"Mama, iko nachelewa. Mi namunyoosha kidogo, afikie wenzake."

"Muache." Hakuwa na hasira. "Usimuvute. Ile njo mwendo yake, tangu tulioana iko nachelewa. Sisi njo tutamufata."

Akarudi sebuleni. Nilisikia kiti kikisogezwa. Nikazifuta zile sauti tatu, zote, kazi iliyonyooka kuliko kazi zangu zote, nikaurefusha waya wa spika kwa waya mwingine ili sauti imfikie mama kule alipo. Nikaanzisha sauti ya mzee peke yake, mvua na koo na yote, na nikabonyeza kurekodi.

Alimfuata. Mzee akivuta neno, mama alivuta. Akiharakisha kwa kuishiwa pumzi, mama aliharakisha naye, bila kumtangulia hata mara moja. Miguu ilikuwa inakanyaga, niliisikia kwenye sakafu. Nilifika ubeti wa tatu nikiwa nimeshika meza. Mzee akakohoa kule Goma, akanyamaza. Mama hakuinua mkono. Alizishikilia sauti zake tatu palepale, zikaendelea kulia, zikamngoja mpaka akamaliza kukohoa, akavuta pumzi, na wakaingia pamoja.